Mpanga Zamu na Wanawake wa Dobi

Mtu huyu nimemkasirikia miaka sita, na katika miaka hiyo sikuwa namwona hata kwa mbali. Nimemkasirikia nikipiga pasi, nikingoja treni, nikimsuka mtoto nywele. Ungenikuta jikoni kwangu Bredäng, pembeni mwa Stockholm, naongea peke yangu, ungejua ni yeye ninayemjibu. Kwa hiyo msitegemee nitampamba. Kwao ni wapi, baba yake ni nani, alizaliwa lini, hayo kawaulizeni wengine. Mimi nilimjua kazini, na kazini alikuwa Mpanga Zamu.

Kazi yenyewe tuliiita Bustani, ingawa maua yalikuwa machache. Ulikuwa uwanja mkubwa wa starehe kando ya ziwa, nje kidogo ya Stockholm: bembea za mashine, gurudumu kubwa la kupandisha watu juu, treni ya kupanda na kuporomoka watu wakipiga mayowe, migahawa minne, hoteli moja na vibanda vya mbao vya wageni kulala. Halafu kulikuwa na zile walizoziita nchi. Nchi ya Hadithi, Nchi ya Wachunga Ng'ombe, na Nchi ya Safari, ambayo Mungu anisamehe, ilikuwa na tembo wa plastiki na mashua inayovutwa na mnyororo. Kiangazi watu walijaa mpaka njia hazionekani. Baridi ikija mashine zilifunikwa maturubai, lakini hoteli iliendelea, na hoteli ikiendelea, shuka zinafuliwa. Shuka ndizo zilizonipa kazi ya mwaka mzima.

Niliingia dobi, yaani chumba cha kufulia cha hoteli, mwishoni mwa miaka ya sitini. Mume wangu alikuja Uswidi kusomea umeme, akamaliza masomo na ndoa kwa pamoja, akarudi nyumbani. Mimi nikabaki na Neema, wakati huo ana miaka miwili. Mpanga Zamu alinitazama, akamtazama mtoto niliyembeba, akaniuliza jambo moja tu: "Chekechea yake inafungwa saa ngapi?" Nikamwambia saa kumi na moja jioni. Akachukua kibati chenye jina langu, akakitundika kwenye zamu ya saa moja asubuhi hadi saa tisa, na kwa miaka minne hakukihamisha. Zamu ile ndiyo iliyoniwezesha kukaa na mwanangu. Wanaojua kulea peke yao katika nchi ya watu watanielewa.

Ubao wake ulikuwa na misumari midogo mia na zaidi, na vibati vya rangi. Vya bluu jikoni, vyekundu mashine, vyeupe usafi na dobi, vya kijani hoteli. Alifika saa nzima kabla ya wengine, akasimama mbele yake mikono nyuma, midomo ikicheza. Chakula cha mchana alikula amesimama. Mtu akija kuomba ruhusa hakumwambia ndiyo wala hapana, alikwenda ubaoni, akahamisha vibati viwili vitatu, akasema, "Haya, nenda." Wazungu walimpenda kwa hilo. Sisi tulimpenda zaidi, maana alijua Ramadhani inaanza lini, Krismasi ya nani ni muhimu kuliko ya nani, na nani kafiwa.

Alikuja Uswidi kusomea ushirika, kozi ya mwaka mmoja, akabaki. Kwa hiyo alikuwa na ugonjwa wa kutaka kujua nani anamtawala nani. Ukikaa naye dakika tano anakueleza Bustani kama mwalimu wa uraia. Juu kabisa kuna wenye mali, hao hatuwaoni. Chini yao kuna bodi. Bodi inamwajiri mkurugenzi. Mkurugenzi ana wakuu wa idara watano, na kila mkuu ana viongozi wa zamu. Wa chini wapo wa kudumu na wa msimu, na chama cha wafanyakazi kinapita katikati yao wote kama uzi. "Hii ni serikali kamili," alikuwa akisema. "Imekosa jeshi tu."

Na kila kitu kilikuwa na mwenyewe, hata takataka. Siku moja mtoto aliangusha aiskrimu mbele ya mgahawa. Upande wa huku wa mstari wa matofali ni wa jikoni, upande wa huko ni wa usafi, na ile aiskrimu ikaangukia juu ya mstari wenyewe. Mtu wa jikoni kasimama na kitambaa, mtu wa usafi kasimama na ufagio, kila mmoja anamwonyesha mwenzake. Aiskrimu inayeyuka, nyuki wanakuja, watoto wanalia. Mimi nilikuwa napita na toroli la mataulo, nikataka kupangusa yaishe. Mpanga Zamu akanizuia! "Acha, Mama Neema. Ukipangusa wewe, kesho itakuwa ya dobi." Akaenda kuwaita viongozi wa zamu wawili, wakaja, wakakubaliana, ikaandikwa. Lo! Nilicheka, lakini pia nilitaka kumpiga na taulo.

Kanuni aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mashine. Mfanyakazi yeyote, hata aliyeanza kazi jana, ana haki ya kubonyeza kitufe chekundu na kusimamisha mashine. Kuiwasha tena ni ruhusa ya fundi peke yake, na lazima atie sahihi. "Umeona busara hiyo?" aliniambia mara ngapi sijui. "Mdogo anaruhusiwa kusimamisha." Hata hivyo yeye mwenyewe hakuwahi kupanda mashine hata moja. Nnalongo, Mganda tuliyefanya naye kazi dobi, mama wa mapacha aliyekimbia kwao na watoto wawili na sanduku moja, alimchokoza kila kiangazi. "Mzee, twende kwenye gurudumu, nitakushika mkono." Naye anajibu, "Mama, mimi ndiye ninayejua nani alikuwa zamu wakati skrubu zinakazwa." Tulicheka mpaka shuka zikatuanguka. Lakini niliwaza: huyu ndiye anayewapanga hao wakaza skrubu, na haamini kazi yao.

Kulikuwa na jambo jingine la kuudhi. Miaka ile Waswidi walikuwa wameacha kuitana kwa vyeo. Mkubwa kwa mdogo ilikuwa "du", yaani wewe, na jina la kwanza. Mkurugenzi mwenyewe, kijana mwenye sweta na miwani mikubwa, alipita idara zote akitangaza jina lake na kusema hataki kuitwa bwana. Hata mimi nilizoea. Mpanga Zamu hakuweza. Mpaka mwisho alimwita Bwana Mkurugenzi, huku ameinamisha kichwa kidogo na mikono imeshikana mbele. Mkurugenzi alikuwa akiona haya. Sisi tuliona haya zaidi.

Nenda sasa kwenye chama chetu cha Waafrika wa Mashariki, kilichokutana Jumamosi moja moja katika chumba cha chini cha jengo langu. Mtu huyohuyo alikuwa simba. Anadai ajenda, anadai muhtasari wa kikao kilichopita, anamkatiza Mkongo wa watu aliyeanza kusema kabla hajapewa nafasi. Mkenya mmoja aliwahi kumwambia kwa Kiingereza kwamba hapa si bungeni, akapewa somo la nusu saa. Nilimuuliza siku hiyo, "Mzee, huu ukali mbona hatuuoni kwa Mkurugenzi?"

"Kwa mwenyeji hupigi meza," akasema. "Kwa mwenyeji kuna njia."

Njia yake niliiona kiangazi kimoja, na haki yake nimpe. Mkurugenzi alikuja ubaoni, akasema kwa ustaarabu wake wote kwamba wageni wangefurahi kama wenzetu wachache wangesimama Nchi ya Safari, karibu na tembo. Niliposikia damu ilinichemka. Mpanga Zamu akainama. "Ndiyo, Bwana Mkurugenzi. Nitaangalia." Basi kiangazi kile chote hakuna Mwafrika aliyepangwa Safari hata saa moja. Huyu anahitajika jikoni, yule mgongo unamuuma, huyu yuko likizo. Mkurugenzi akiuliza anaonyeshwa ubao, na ubao hauna nafasi. Mwisho wa Agosti akasahau. Mpanga Zamu akaja dobi anajisikia kama bwana harusi. "Mmeona? Sikusema hapana hata mara moja."

Tulimpigia makofi. Leo nikikumbuka makofi yale najiuma midomo.

Maana baadaye serikali ilitoa sheria kwamba wafanyakazi wakae na wao kwenye bodi za kampuni. Bustani ikapata viti viwili. Kimoja alichukua dereva mmoja wa Kiswidi wa upande wa hoteli, na cha pili, kwa kura nyingi, alichukua Mpanga Zamu. Nnalongo alipiga vigelegele kule kantini mpaka wapishi wakatoka kuangalia. Mtu wetu, kwenye meza ile! Alinunua tai. Alinionyesha makabrasha, akanifundisha jinsi bodi inavyoamua: mwenyekiti anauliza kama wanaweza kukubaliana hivyo, wanaitikia ndiyo, anagonga nyundo ndogo ya mbao, basi. Asiyekubali anaomba pingamizi lake liandikwe.

Haukupita mwaka, likaja suala la dobi. Kulikuwa na kampuni ya nje yenye mashine kubwa za kufulia, ingekuja na magari, kuchukua shuka chafu na kuleta safi. Dobi yetu ifungwe. Sisi tisa tupewe kazi za msimu kiangazi, na baridi kila mtu ajitafutie. Nilipopata fununu nilijua papo hapo maana yake kwangu. Kazi za baridi alizoweza kupata mwanamke kama mimi zilikuwa za kusafisha ofisi mjini, kuanzia saa kumi na moja jioni, saa ileile chekechea inapofunga mlango. Neema alikuwa na miaka sita. Sikuwa na mtu wa kumwachia.

Kabla ya bodi, mkuu wa idara yetu aliitisha kikao kantini. Mpanga Zamu hakuwepo, alikuwa amemshikia mtu zamu getini. Tulikaa mstari mmoja: Watanzania watatu, Waganda watatu, Mkenya mmoja, na Wafini wawili ambao hata siku ya kawaida maneno yao yalihesabika. Mkuu wa idara alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, ana kalamu. Akasoma pendekezo lote, taratibu, ili tuelewe. Na tulielewa. Akauliza, "Kuna mwenye la kusema?" Akangoja. Kweli alingoja, kahawa yangu ikapoa. Nikamtazama Nnalongo, Nnalongo akatazama meza. Akauliza tena. Kisha akaandika kitu, akatushukuru.

Hatukuwa waoga, nisieleweke vibaya. Tulikaa kama watu wenye adabu wanavyokaa wanapoletewa jambo zito na mgeni wa heshima. Hubwatuki palepale. Unasikiliza, unaondoka, halafu unamtuma mkubwa wako akaseme. Na mkubwa tulikuwa naye. Tulitoka pale tukamkuta kwenye ngazi za nyuma, tukamzunguka. Hapo maneno yalitoka! Nnalongo alilia. Mimi nilimwambia, "Mzee, wakifunga dobi mimi namkosa mtoto wangu. Kawaambie hatutaki. Sote hatutaki."

"Nimesikia," akasema. "Nitalisema."

Baada ya bodi kukaa, karatasi ilibandikwa karibu na saa ya kuingilia kazini. Nilisoma kwa kidole, neno kwa neno. Dobi itafungwa mwisho wa Septemba. Uamuzi umepitishwa. Hakuna pingamizi lililoandikwa.

Hakuna! Nilimfuata ubaoni. "Mzee, ulisema?" Akageuka, akanitazama. Akashika kibati changu na kukizungusha vidoleni. "Mama Neema," akasema, "mambo yamekwisha amuliwa." Ndiyo maneno yake yote. Nilimwambia mambo ambayo mtu hamwambii mtu wa rika la baba yake. Nikamwambia kainama mpaka kavunjika. Wenzangu walisikia, hakuna aliyenizuia.

Oktoba nilimpeleka Neema uwanja wa ndege na shirika la ndege likamvisha kadi shingoni, akaenda Moshi kwa mama yangu. Alikaa miaka mitatu. Nilisafisha ofisi, nikatafuta, nikahangaika, mpaka nikapata kazi ya mchana katika hospitali moja. Aliporudi alikuwa na miaka tisa, mrefu, meno mapya. Pale uwanjani alinipa mkono na kusema shikamoo, akaniita mama kwa sauti ambayo mtoto humwita mama wa mwenzake. Ndugu zangu, ile shikamoo sijaipata mfano wake kwa maumivu. Alipokuwa akiuliza kwa nini nilimpeleka, nilimweleza. Nilimwambia kulikuwa na mzee mmoja tuliyemtuma atusemee, akaenda, akanyamaza.

Mpanga Zamu watu walimtenga. Kwenye chama hakuchaguliwa tena, halafu akaacha kuja. Nilisikia kahama, anakaa Tensta, upande mwingine wa mji, kaacha kazi Bustani. Sikuuliza zaidi.

Nilimwona Novemba moja, Jumamosi mchana, theluji imegeuka tope. Nilikuwa Tensta na Neema, tumefuata duka lenye bamia na unga wa muhogo. Neema alibaki ndani kwenye foleni, mimi nikatoka kupumua. Yeye alikuwa kituo cha basi, mfuko wa vitunguu mkononi, koti limemzidi. Amezeeka! Nilifikiri nitapita kama sikumwona. Miguu ikanipeleka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Neema. Mtoto hajambo?"

Aliuliza la mtoto kwanza, na hilo ndilo lililonipandisha. Nikamwambia mtoto hajambo, ila nilikosa miaka mitatu yake kwa sababu yako. Nikamwambia pale pale, watu wanapita na mifuko: "Neno moja tu, Mzee. Ulishindwa kusema neno moja?"

Akaweka vitunguu chini.

"Nilisema," akasema. "Nilisema kwa Kiswidi changu chote, mpaka kikaisha. Niliwaambia wale wanawake hawataki. Nikakutaja wewe na mtoto. Mkurugenzi akafungua faili, akatoa karatasi ya kikao chenu cha kantini. Akasoma majina, moja moja, yote tisa. Akaniuliza, nani kati ya hawa alikataa? Nikamwambia wote, waliniambia mimi kwenye ngazi. Akasema kwenye ngazi si kikao. Hakusema kwa ubaya. Akanionyesha alipoandika yule mama mkuu wa idara yenu: wameulizwa mara mbili, hawana pingamizi. Sasa mimi ningeandikisha pingamizi la nani?"

Niliikumbuka ile kalamu. Nikakumbuka jinsi yule mama alivyongoja.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Niwaambie nini? Wewe ulikuwa unatafuta tiketi ya mtoto. Nikwambie ni wewe uliyenyamaza?" Akatikisa kichwa. "Nikaona heri mnikasirikie mimi. Mimi sina mtoto mdogo."

Basi la Spånga likaja, likafungua milango. Nilikuwa natafuta neno, lolote, hata samahani tupu. Neema akatoka dukani na mfuko wa unga, akaja kusimama kando yangu. Akamtazama mzee kwa zile adabu zake za Moshi, akamwamkia. Kisha akanigeukia, na hata sauti hakuishusha.

"Mama, ndiye huyu yule mzee aliyenyamaza?"

Mpanga Zamu alinitazama. Alinipa muda, nakiri, dereva alikuwa ameshaanza kugeuza kichwa kuangalia anapanda au hapandi. Nilifungua mdomo.

"Ndiye mimi, mwanangu," akasema yeye, akaokota vitunguu vyake akapanda basi, na mimi nikamwacha aende hivyo.